Kubadili Ekzosi ya Land Rover Nyumbani Bila Kuumia

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia chini ya gari. Tunajua wapo watakaouliza, wauguzi na ekzosi wapi na wapi? Sababu ni hii: hospitalini tunawapokea watu wa aina mbili ambao matatizo yao yameanzia kwenye bomba hilo la moshi. Wa kwanza ni wale walioketi nyuma ya gari ambalo ekzosi yake imetoboka. Wa pili ni wale walioamua kuibadili wenyewe nyumbani, wakaumia.

Hatumkatazi mtu kutengeneza gari lake. Gereji ziko mbali, fedha ni haba, na Land Rover au Land Cruiser kuukuu ni gari ambalo mwenye spana nzuri, subira na mtu wa kumsaidia anaweza kulibadilishia ekzosi kwa siku moja. Tunachotaka ni kwamba kazi hiyo imalizike bila jicho kuumia, bila mtu kulaliwa na gari, na hasa bila moshi kuendelea kuingia ndani wakati watu wamekwisha kunawa mikono wakidhani mambo yamekwisha. Upande wa spana tumefundishwa na mafundi wa karakana ya hospitali. Upande wa mwili wa binadamu ni wetu.

Ekzosi ina kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kunyamazisha kelele. Ya pili ni kuuchukua moshi kutoka kwenye injini, kuupitisha chini ya sakafu na kuutoa nje mbali na pua za abiria. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa. Moshi huanzia kwenye manifodi, yaani kile chuma kinachoukusanya kutoka kwenye injini, ukaingia bomba la mbele, ukapita sailensa, na mwishoni ukatokea kwenye bomba la mkia. Tundu popote kati ya mwanzo na mwisho wa njia hiyo ni tundu chini ya miguu ya watu.

Na magari haya ya kuendesha magurudumu yote manne hupata mateso ambayo gari dogo la mjini halijui. Bomba hugonga mawe na tuta la katikati ya njia. Likiwa na moto mkali huzamishwa ghafla katika maji ya mto, na likifanyiwa hivyo mara nyingi hupata ufa. Barabara yenye mikunjo kama bati hutikisa raba za kuning'inizia hadi zikatike, na kuanzia hapo uzito wote unabebwa na maungio. Kwa wakazi wa pwani chumvi nayo huleta kutu yake. Hata gari linalokwenda safari fupi tu halisalimiki: mvuke wa maji uliomo katika moshi hugeuka maji ndani ya sailensa, haupati moto wa kutosha kukauka, na sailensa huoza kutokea ndani huku nje ikionekana nzima.

Lipo jambo moja ambalo limetusukuma kuandika makala hii kuliko mengine yote. Bomba la mkia likivunjika porini, dereva hulikata, akaendelea na safari. Hilo tunalielewa. Lakini miezi inapita, mwaka unapita, na gari bado linatoa moshi chini ya tumbo lake, katikati, usawa wa viti vya nyuma. Watu wamezoea mngurumo, na vijana wengine hata wanausifu wakisema gari limepata nguvu. Sakafu ya gari hilo ina vitundu vya kutu, raba za mlango wa nyuma zimekauka, na pale nyuma kwenye viti vya kutazamana ndipo panapopakiwa watoto, wanakwaya na mama mjamzito anayepelekwa kujifungua.

Hewa isiyoonekana

Katika moshi wa gari mna hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ile harufu ya moshi mnayoisikia ni ya vitu vingine vinavyoandamana nayo, na pua ikishaizoea haiisikii tena. Ni hewa ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo geni. Ni adui yule yule tunayemjua jikoni, ila sasa amepanda gari.

Inadhuru namna hii. Damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kwa kutumia hemoglobini, ambayo ndiyo inayoifanya damu kuwa nyekundu. Kaboni monoksidi huing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishaketi, haitoki upesi. Mtu anavuta pumzi vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati kitu. Ni sawa na basi lililojaa: hata abiria wapange foleni stendi, hakuna kiti.

Dalili huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Baadaye mtu hutapika, hulegea miguu, huchanganyikiwa maneno, na mwisho hupoteza fahamu. Sasa tazameni dalili za mwanzo. Si ndizo za malaria? Si ndizo za mtu aliyechefuliwa na gari? Ndiyo maana wengi huishia kumeza dawa za duka na kulala. Tumekwisha kuona kikundi cha watu waliosafiri pamoja wakiteremka wote wanaumwa kichwa, wawili wanatapika, na kila mmoja akilaumu chakula walichokula njiani. Dereva na aliyeketi mbele dirisha likiwa wazi hawakuwa na shida yoyote, ingawa chakula kilikuwa kile kile.

Huo ndio ufunguo. Watu wengi wa gari moja wakiugua kwa wakati mmoja, walioketi nyuma wakazidiwa kuliko wa mbele, na wote wakapata nafuu baada ya kukaa nje nusu saa au saa, shukuni ekzosi. Malaria haichagui viti. Watoto huathirika mapema kwa sababu hupumua haraka kuliko watu wazima. Mtoto aliyelala fofofo njiani na haamki vizuri mnapofika si lazima awe amechoka tu. Mama mjamzito anastahili uangalifu wa pekee: hewa hii huvuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na hukaa katika damu ya mtoto muda mrefu kuliko katika damu ya mama. Mama anaweza kujisikia amepona huku mtoto bado yuko hatarini. Mleteni hata kama anasema hajambo.

Kuna dhana kwamba gari la dizeli halina neno. Ni kweli dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli. Lakini kidogo si hakuna, na injini iliyochoka hutoa zaidi. Aidha masizi ya dizeli huchokoza pumu na macho, na mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwaletea binadamu saratani.

Tena, msijidanganye kwa kufungua mlango au dirisha la nyuma ili upepo upite. Gari lenye umbo la sanduku linapokwenda huacha nyuma yake nafasi yenye mvuto, na moshi huzunguka na kunyonywa kuingia kupitia uwazi huo huo. Kama hamna budi kufika na gari hilo, fungeni nyuma, fungueni madirisha ya mbele yote, na abiria wawe wachache.

Mtu akizidiwa, zimeni injini, mtoeni nje kwenye hewa safi, mlegezeeni nguo. Kama hana fahamu lakini anapumua, mlazeni kwa ubavu. Msimpe maziwa wala kitu kingine cha kunywa akiwa hajitambui. Kisha mleteni hospitali kwa chombo kingine kama kipo, na mtuambie waziwazi kwamba alikuwa ndani ya gari lenye moshi. Maneno hayo yana thamani kubwa, kwa sababu kile kipimo tunachobana kwenye kidole kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na hewa hii. Kitaonyesha 98 kana kwamba mtu ni mzima. Akipumua hewa ya kawaida, mwili unahitaji saa 4 hadi 6 kupunguza sumu hiyo kwa nusu tu. Akiwekewa oksijeni kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Na baada ya kuruhusiwa, kama katika wiki zinazofuata anasahausahau, anabadilika tabia au anayumba akitembea, arudi. Madhara mengine ya ubongo hujitokeza kwa kuchelewa.

Kazi yenyewe

Fanyeni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha. Ekzosi iliyotoka safarini ina moto wa kuunguza ngozi mara moja, na inakaa na moto kuliko mnavyofikiri. Jioni ya kuamkia siku hiyo nyunyizeni mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati. Yasipopatikana, dizeli iliyochanganywa na oili kidogo nayo husaidia.

Uzuri wa magari haya ni kwamba yako juu. Mara nyingi mtu mwembamba anaweza kuingia chini na kufanya kazi yote bila kutumia jeki kabisa, na hiyo ndiyo njia tunayoipenda sisi. Chagueni mahali tambarare penye udongo mgumu. Zuieni magurudumu kwa mawe makubwa au vipande vya gogo, mbele na nyuma.

Kama ni lazima kuliinua, someni kwa makini hapa. Katika Land Rover za zamani, na hata Defender za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Mkiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu gurudumu hilo kuzunguka hewani, na lile lililobaki chini nalo linakuwa huru. Breki imevutwa hadi mwisho, lakini gari linaweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki. Watu wanaoendesha gari hili miaka mingi hawalijui jambo hili hadi siku hiyo. Kwa hiyo mawe kwenye magurudumu si jambo la hiari.

Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari hili lina uzito unaokaribia tani 2 au kupita, na kifua cha mtu hakihitaji hata robo ya uzito huo kushindwa kupanuka. Wekeni stendi za chuma chini ya ekseli. Zisipokuwepo, tumieni vipande vya mbao ngumu, vinene, vilivyopangwa kwa kupishana. Matofali na bloku za saruji zisitumike kamwe; hazitoi onyo, hupasuka ghafla. Na zile jeki ndefu zinazobebwa nyuma ya gari ni za kutolea gari matopeni, mtu asiingie chini ya gari lililosimama juu yake. Likishakaa kwenye stendi, lisukumeni kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, pangeni upya. Pawepo mtu mwingine wakati wote, na watoto wachezee kwingine.

Vaeni miwani ya kazi. Mkilala chali na kugonga bomba la kutu, kutu yote inaangukia usoni. Kipande kikiingia jichoni msisugue. Osheni kwa maji safi mengi. Kisipotoka, au jicho likiendelea kukereketa, njooni siku hiyo hiyo, kwani chuma kikikaa juu ya mboni hutoa kutu na kuacha duara kwa muda wa saa chache, na kulisafisha duara hilo ni kazi zaidi ya kutoa kipande chenyewe. Msiruhusu jirani akitoe kwa kijiti cha kiberiti au ncha ya ulimi. Ajali ya grainda ni nyingine tena: cheche yake inaweza kupenya ndani ya jicho na kuacha kidonda kidogo kisichoonekana. Jicho lililopigwa na grainda lisioshwe kwa kubonyezwa wala kufungwa kwa kukazwa. Lifunikwe kwa kikombe safi cha karatasi, na mgonjwa aletwe.

Anzeni kufungua kutoka nyuma kuelekea mbele. Nati za bomba la mkia na sailensa zikigoma, kateni kwa msumeno wa chuma, maana hata hivyo bomba hilo linatupwa. Lakini zile za kwenye manifodi zibembelezeni. Kazeni kidogo kwanza, ndipo mfungue, mkirudia mbele na nyuma huku mkiongeza mafuta. Stadi ikikatikia ndani ya manifodi, kazi ya siku moja inakuwa ya wiki.

Gasketi za zamani huenda zina asbesto, kitu ambacho vumbi lake huleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Hivyo lowesheni kwa maji kabla ya kukwangua, msitumie brashi ya waya ikiwa kavu, msipulize kwa mdomo, na mabaki myatie katika mfuko wa plastiki na kuyazika. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ekzosi mpya hufungwa kinyume, kutoka mbele kwenda nyuma. Wekeni gasketi mpya kila ungio. Gasketi iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi tena, na bei yake ni ndogo mno kuibania. Shikizeni vipande vyote vikiwa vimelegea, ning'inizeni raba, halafu tazameni bomba limekaaje. Lisiguse chesisi, lisikaribie bomba la petroli, mipira ya breki wala tairi. Bati za kuzuia joto zirudishwe mahali pake. Hazikuwekwa kwa urembo. Ndipo mkaze, mkianzia kwenye manifodi. Bomba la mkia litokeze nje ya ukingo wa bodi. Likiishia chini ya sakafu, hamjamaliza.

Wengine badala ya kununua hupeleka kuchomelewa. Si vibaya, ila angalieni mambo mawili. Betri itolewe waya, na tanki la mafuta liwe mbali na moto. La pili, msiunganishe kipande cha bomba la maji lililopakwa zinki. Mvuke wa zinki ukichomwa humletea fundi homa: jioni au usiku anatetemeka, mwili unauma, kinywa kina ladha ya chuma, na kesho yake au kesho kutwa anapona. Kila mtu husema ni malaria. Kipimo cha haraka kikionyesha hakuna malaria, mwambieni mganga kazi mliyofanya mchana. Na yale maziwa ambayo mafundi hunywa kabla ya kuchomelea yanashibisha tu, hayachuji mvuke.

Kupima kama inavuja

Kelele kuisha si ushahidi. Toeni gari uwanjani, si ndani ya banda, wala mtu asiwe chini yake wala ndani ya shimo la gereji injini ikiwaka, kwa kuwa moshi hujaa shimoni kama maji kisimani. Gia iwe huru, breki imevutwa, mawe yapo. Mmoja awashe injini, na mwingine, akiwa amevaa glavu nene, azibe tundu la mkia kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa, kwa sekunde chache tu. Kama maungio yameziba, atahisi moshi unasukuma kwa nguvu na injini itaelemewa. Kama kuna mahali panavuja, mtasikia mlio wa kufyonza na kupuliza kutoka ubavuni. Zimeni, subirini ipoe, kazeni, pimeni tena. Wakati wa safari za kwanza ekzosi mpya itatoa moshi mwembamba wenye harufu ya mafuta ya kiwandani yanayoungua. Fungueni madirisha ya mbele, na msipakie watu nyuma siku hiyo.

Mkiwa hapo chini, mulikeni pia sakafu kwa tochi. Kila kitundu cha kutu kizibwe kwa bati, na raba za mlango wa nyuma zikaguliwe kwa kubana karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukwama, raba imekwisha. Baada ya wiki moja ya barabara mbaya ingieni tena chini, gari likiwa limepoa, mkaze nati zote upya. Alama nyeusi ya masizi kwenye ungio ina maana pale moshi umeanza kutoka, hata kama gari halijapiga kelele yoyote.